Vikundi vinne kwa watu thelathini

Dada, umeuliza kwa nini maswali kwenye vikundi vyenu vya gumzo yanapotea bila majibu. Hayapotei kwa sababu vijana wa Tanga ni wavivu kujibu. Yanapotea kwa sababu mradi wenu wa programu huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, una watu thelathini tu, na mmewagawa vikundi vinne: WhatsApp, Telegram, Discord na Slack. Fungeni vitatu, ibaki WhatsApp.

Hitilafu ya programu isijadiliwe kwenye gumzo kabisa. Iandikwe palepale msimbo ulipo, kwenye tovuti za kuhifadhia msimbo kama GitHub au GitLab, ipate namba, ili hata aliyeko Pangani aikute mwakani. Slack ya bure huficha ujumbe uliopita siku 90, kwa hiyo maamuzi mliyoyafanyia humo yanawatoka hivihivi. Kwa gumzo la kazi, badala ya hivyo vitatu, ningechagua Zulip: yenyewe ni programu huria, na kila mazungumzo yana mada yake, basi anayeingia usiku akitoka zamu bandarini hapekui ujumbe mia tatu kutafuta mmoja. WhatsApp ibaki ya kukutana tu, nani ana ufunguo wa chumba Chumbageni Jumamosi, nani analeta ekstensheni. Na maua ya "asubuhi njema", ambayo hamtaweza kuyazuia hata mkijaribu.

Tundu la usalama, yaani kasoro inayoweza kumpa mdukuzi njia ya kuingia, lipelekwe kwa barua pepe ya faragha inayosomwa na wawili watatu.

Halafu wasimamizi wa kila kikundi wasipungue wawili. Mwaka 2021 Freenode, mtandao wa gumzo uliotumiwa na miradi ya programu huria, ilipogombaniwa umiliki, miradi mingi, ukiwemo mfumo wa kompyuta wa Ubuntu, ilihamia mtandao mwingine, Libera Chat. Kwenu haihitaji ugomvi: waja leo waondoka leo, mwenye nywila akipata kazi Dar mmebaki nje.