Mboga za Uani Baada ya Saratani: Majibu kwa Wasomaji

Miongoni mwa barua za mwezi huu, tatu zimetoka kwa watu waliomaliza matibabu ya saratani au kwa ndugu zao, na zote zinauliza habari za bustani na chakula. Tumeamua kuzijibu mahali pamoja.

SWALI: Ndugu Mshauri, nina umri wa miaka 52 na ninaishi Muheza. Niliondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, kisha nikapata dripu za tibakemia na mionzi. Matibabu hayo yalikwisha miezi mitano iliyopita na sasa ninameza kidonge kimoja kila siku. Kabla ya kuugua nilikuwa na bustani ya mboga nyuma ya nyumba, lakini dada zangu wananikataza kushika jembe wakisema mkono utavimba na hautapona. Tena nimekatazwa nyama, mayai, sukari, na uji wa lishe wenye soya, eti vinaamsha saratani. Nimebaki na ugali na mchicha wa kuchemsha, na nguvu zinaniishia. Je, nirudi bustanini? Na nile nini?
Mama wa Muheza

JIBU: Pole kwa kuugua, mama, na hongera kwa kuvuka. Bustanini urudi, ila kwa hatua, na kwanza umwoneshe daktari wako mkono huo ili ajue ulipoanzia.

Hofu ya dada zako ina chimbuko. Tezi za kwapani zinapoondolewa, njia za kupitishia majimaji ya limfu kutoka mkononi hupungua, na baadhi ya wanawake hupata uvimbe miezi au hata miaka baadaye. Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe waliwaonya wanawake hao wasinyanyue kitu kizito. Baadaye tafiti ambazo wanawake walinyanyua vyuma vilivyoongezwa uzito kidogo kidogo, chini ya uangalizi, zilionesha kwamba mazoezi ya namna hiyo hayawazidishii uvimbe. Kinacholeta tabu ni pupa: mkono uliopumzika kwa miezi kadhaa ukalimishwa tuta zima asubuhi moja. Anza na kupanda mbegu, kumwagilia kwa ndoo isiyojaa na kupalilia kwa robo saa, ukibadilisha mikono, kisha uongeze wiki hadi wiki. Mkono ukianza kuwa mzito au pete ikianza kubana, punguza kazi na umweleze daktari.

Kuliko jembe, mimi naihofia zaidi miiba. Mkono ambao limfu yake imepungua hushambuliwa kwa urahisi na bakteria wanaoingia kupitia mchubuko mdogo, kwa hiyo vaa glavu na nguo ya mikono mirefu, osha kila mkwaruzo kwa maji na sabuni, na ukiona wekundu unaosambaa, joto au homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo badala ya kusubiri kuona itakuwaje. Ulizia pia chanjo ya pepopunda, kwa kuwa vijidudu vyake hukaa udongoni na katika samadi. Mboji na samadi vina vumbi la ukungu linaloweza kudhuru mapafu ya mtu ambaye kinga yake imeshuka. Anayeendelea na tibakemia asivichakure kabisa, na wewe uliyemaliza, viloweshe kwanza na uvae barakoa, au umwachie mwingine kazi hiyo.

Kwa hali yako ningependelea bustani ya gunia. Chukua gunia la kilo 100, ulijaze udongo wenye rutuba uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, na katikati uache nguzo ya kokoto inayoshuka hadi chini ili maji yafike kila upande. Nguzo hiyo hujengwa kwa kopo lisilo na kitako: unalijaza kokoto, unazungushia udongo, unalivuta juu, kisha unaendelea hadi gunia lijae. Ubavuni toboa matundu ya kupandia mchicha na sukuma wiki, na juu uweke miche ya nyanya chungu au pilipili hoho. Kazi ya kujaza waachie vijana wa nyumbani; yako iwe kupanda, kumwagilia na kuchuma, tena bila kuinama. Mchicha utaanza kuuchuma baada ya wiki tatu au nne hivi. Pembeni chomeka marando ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, ambavyo majani yake ni matembele na viazi vyenyewe vina vitamini A kwa wingi. Wadudu wakija, nyunyizia maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha.

Sasa chakula, na hapa nitasema wazi: orodha ya makatazo uliyopewa inakudhuru kuliko vyakula vyenyewe. Mwili uliotoka kwenye upasuaji na mionzi unahitaji protini ili ujijenge, na ugali kwa mchicha mtupu hautoshi. Mayai kula. Samaki, dagaa, maharage, kunde na choroko ndivyo viwe nguzo ya mlo wako. Nyama ya ng'ombe au mbuzi haikatazwi. Shirika la World Cancer Research Fund linashauri isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikipimwa baada ya kupikwa. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa ndizo za kuepuka, kwani tangu mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeziweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Sukari haiamshi saratani. Seli zote za mwili, nzima na mbovu, hutumia glukosi, na hata usipoonja sukari mwili utaitengeneza kutokana na ugali huohuo unaokula. Sababu ya kuipunguza ni nyingine: soda na chai ya vijiko vinne huongeza unene, na unene wa kupita kiasi unahusishwa na saratani kadhaa, ikiwamo ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Soya nayo inashukiwa kwa sababu ina viasili vinavyofanana kidogo na homoni ya estrojeni, lakini tafiti za wanawake waliougua saratani ya matiti hazikuonesha kwamba kula soya kama chakula huirudisha. Uji wako unywe. Vidonge vya soya iliyokolezwa ndivyo usivyohitaji.

Kuhusu mboga na matunda, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 kwa siku, ambazo ni kama mafungu matano ya gramu 80. Osha mboga kabla ya kuikata, ipike kwa muda mfupi, usimwage maji yake, na utie nazi, karanga au mafuta kidogo, kwa maana vitamini A ya kwenye majani haifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Kisamvu ndicho pekee kisichotaka haraka, kwa sababu kina sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha. Chungwa au limau kando ya sahani husaidia mwili kupata madini ya chuma ya kwenye mboga, na chai inywewe saa moja au zaidi baada ya mlo, kwa kuwa huyazuia. Ikiwa umeandikiwa dawa ya kuyeyusha damu kama warfarini, mwambie daktari kiasi cha mboga za majani unachokula na usikibadilishe ghafla.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 67, ametibiwa saratani ya umio na sasa anameza vyakula laini tu. Amekonda sana. Tuna kihamba chenye migomba, maparachichi na maboga. Nimpikie nini? Yeye mwenyewe anachodai ni chai, tena ya moto.
Binti wa Moshi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kwenye kihamba chenu kuna karibu kila kitu. Mtori, yaani ndizi zilizochemshwa pamoja na nyama hadi zikapondeka, ndio mlo ninaoweza kumshauri kila mgonjwa wa aina yake, hasa ukiongeza maziwa na nyama ikasagwa ndani yake. Parachichi lililopondwa linampa mafuta ya kutosha katika vijiko vichache. Boga na viazi lishe vipondwe pamoja na maharage yaliyochujwa maganda, na unga wa dagaa utiwe kwenye supu. Mpe kidogo kidogo mara sita kwa siku, ale akiwa ameketi wima, na asilale kabla saa moja haijapita. Karanga za kutia kwenye uji zichambue moja moja na kutupa zilizosinyaa au zilizoota ukungu, maana ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo husababisha saratani ya ini.

Chai anywe, ila ipoe. Mwaka 2016 wataalamu wa shirika hilohilo la utafiti wa saratani walihitimisha kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Tatizo ni joto, si majani ya chai. Mimina kikombe, tia maziwa, umpe baada ya dakika kadhaa, na usikubali aongezewe moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Mbege na tumbaku aviache kabisa. Chakula kikianza tena kukwama, au akiendelea kukonda, usiishie kuzidisha ulaini wa uji. Mrudishe hospitali, kwa kuwa umio huweza kusinyaa baada ya matibabu na ukapanuliwa.

SWALI: Nimetibiwa saratani ya tezi dume. Hapa Mombasa nimeuziwa unga wa majani ya mstafeli, na muuzaji anasema nikiutumia sina haja ya sindano za kliniki. Je, ni kweli?
Mzee wa Likoni

JIBU: Si kweli, mzee wangu. Viasili vya mstafeli vimeua seli za saratani ndani ya maabara, kama vinavyofanya vitu vingi sana ambavyo havimponyi mtu. Hakuna majaribio kwa wagonjwa yaliyothibitisha kwamba majani hayo yanatibu. Tena yana kiasili ambacho, katika kisiwa cha Guadeloupe, watafiti wamekihusisha na maradhi ya mishipa ya fahamu yanayofanana na Parkinson kwa watu walioyatumia kwa wingi. Tunda nalo lina kiasili hicho, kwa hiyo ukilipata msimu wake, kula kwa kiasi. Sindano za homoni hupunguza uimara wa mifupa, kwa hiyo dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, sukuma wiki na matembezi ya kila siku vitakufaa kuliko unga huo. Sindano usiache, na siku ya kliniki nenda na pakiti hiyo ukamwoneshe daktari, umweleze pia umeitumia kwa muda gani.