Andaeni sahani ya kulinganishia

Wadogo zangu mnaoingia timu za baiolojia sintetiki, karibuni. Najua kilichowavuta: kusikia kwamba jeni huunganishwa vipande kwa vipande hadi bakteria afanye kazi ambayo hakuumbwa nayo. Na wanafunzi wameshaifanya. Mashindano ya iGEM, ambamo timu za wanafunzi hubuni viumbe vya aina hiyo, yalizaliwa na kozi ya Januari 2003 pale MIT, chuo kikuu cha Marekani. Mwaka uliofuata zilishindana timu 5. Mwaka 2006 vijana wa Edinburgh walibuni bakteria wa kupimia aseniki kwenye maji ya visima, sumu inayowatesa watu wa Bangladesh.

Langu mimi ni dogo, ila lilitugharimu siku tisa.

Tulikuwa tunaingiza plasmidi, yaani kipande kidogo cha DNA cha mviringo, yenye jeni ya mng'ao wa kijani ndani ya bakteria aitwaye E. coli. Barafu nusu saa, nyuzi 42 kwa sekunde 45, barafu tena, kisha kwenye sahani za agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, yenye ampisilini, dawa ya kuua bakteria. Plasmidi ina jeni ya kuhimili dawa hiyo, kwa hiyo asiyeipata hufa. Asubuhi sahani zilikuwa zimefunikwa utando mweupe. Tulishangilia! Utando ule ulipaswa kutushtua, maana waliofanikiwa huwa wachache, huota vidoa vidoa vilivyoachana, yaani koloni. Tulipowahamishia kwenye mchuzi, yaani maji ya virutubisho ya kuoteshea bakteria, wenye ampisilini mpya, hakikuota kitu. Tukalaumu mchuzi, tukapika mwingine. Nao vilevile.

Kosa lilikuwa langu. Niliitia ampisilini agari ikiwa bado ya moto, na joto huiharibu dawa hiyo. Bakteria wote waliota, wenye plasmidi na wasio nayo. Sahani ya kulinganishia, yaani ya dawa ileile lakini yenye bakteria wasiopewa plasmidi, ingetuambia asubuhi ileile, lakini hatukuiandaa, eti tusipoteze agari.

Kwa hiyo subirini chupa ishikike mkononi bila kuunguza, kama nyuzi 50 hivi, ndipo mtie dawa na kuizungusha taratibu isifanye mapovu. Kila mara wekeni sahani mbili za ziada kwa bakteria wasiopewa plasmidi. Yenye dawa lazima ibaki tupu. Isiyo na dawa lazima ijae, mjue kwamba seli zenu zilikuwa hai. Andikeni majina chini ya sahani, siyo kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani bila mtu kuona. Zilazeni kifudifudi kwenye inkubeta, yaani kabati la joto la kuoteshea. Na msizisahau humo: zikipitiliza, koloni kubwa huzungukwa na vijikoloni visivyo na plasmidi, vinavyoponea kwenye dawa iliyokwisha kuvunjwa na jirani yao. Hivyo msiviokote.

Daftarini andikeni hata saa mliyomimina agari. Sisi tuligundua kosa kwa kuzilinganisha saa mbili tu, ya kutoa chupa na ya kutia dawa.

Tuliporudia, sahani ya kulinganishia ilitoka tupu kabisa. Ya plasmidi ilikuwa na koloni 14. Tuliokota nne, na chini ya taa ya bluu tatu ziling'aa kijani.