Laptopu nzito na flashi yenye virusi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Laptopu yangu ya Windows 10 huchukua karibu dakika 10 kuwaka, na tangu nilipochapisha mitihani stesheneri, folda zote za kwenye flashi zimegeuka shotikati zenye mshale mdogo. Fundi amenishauri niweke antivirusi ya pili juu ya niliyo nayo. Je, nimsikilize?

JIBU: Mwalimu, tafadhali usiiweke. Antivirusi mbili zikifanya kazi pamoja, kila faili unalofungua hukaguliwa mara mbili, nayo mashine huzidi kulemewa. Defender, inayokuja na Windows yenyewe, inakutosha maadamu unaisasisha.

Tuanze na flashi, maana ndiyo yenye hatari. Usibofye shotikati hata moja, kwa kuwa kubofya ndiko kunakoamsha virusi. Kwa kawaida mafaili yako hayajafutwa bali yamefichwa. Kwa hiyo kagua kwanza laptopu nzima na flashi kwa Defender, kisha fundi ayafichue kwa amri ya attrib, uyahamishie kwenye laptopu, ndipo uifomati flashi. Siku nyingine nenda stesheneri na flashi isiyo na kitu ila huo mtihani, na usiondoke kabla hujaona nakala iliyobaki kwenye kompyuta yao ikifutwa, kwani mtihani ukivuja ni wanafunzi wako watakaoumia.

Kuhusu uzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya Startup, uzime programu zote usizozihitaji pindi mashine inapowaka. Kisha tazama sehemu ya Performance: ikiwa diski ni ya HDD, yaani ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka, na inasimama kwenye asilimia 100 kwa dakika nyingi, hakuna usafishaji utakaokusaidia kama kubadilisha diski hiyo na kuweka SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, na hapo ndipo ningekushauri utumie fedha.

Jambo moja hukuliuliza, nalo linanitia wasiwasi. Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Virusi vya WannaCry vilivyofunga mafaili duniani kote Mei 2017 vilipitia tundu ambalo sasisho la kuliziba lilikuwa limetolewa tangu Machi, vikawakuta wasioliweka. Kabla ya kununua SSD, mwombe fundi ahakikishe kama laptopu yako inakubali Windows 11, ambayo hudai TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta, ili diski mpya iwekewe mfumo huo moja kwa moja.