Lenzi gani inafuta nyuma vizuri kwenye potreti?

SWALI: Kamwene kaka, niko Mafinga napiga picha za kipaimara, sendofu na mahafali, natumia Canon 700D na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja kwenye boksi. Wateja wananionyesha picha za Instagram wanataka nyuma ififie iwe laini, mimi nikipiga naona miti yote mpaka majani. Nichukue 50mm au nijikaze nisubiri 85mm?

JIBU: Kamwene ndugu yangu. Chukua 50mm f/1.8, usisubiri. Kamera yako sensa yake, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ni ndogo, kwa Canon hizo unazidisha mara 1.6, kwahiyo 50mm kwako inabana kama 80mm kwenye fulfremu, yaani kamera yenye sensa kubwa, hiyo tayari ni lenzi ya potreti. 85mm itabana kama 136mm, inafuta nyuma zaidi na nje inapendeza mno, ila kwenye sebule ya watu siku ya sendofu utarudi nyuma uende wapi na mgongo ushagusa ukuta?

Kinachofuta ni upana wa tundu la lenzi, we gawanya urefu wa lenzi, zile mm, kwa namba ya f: hiyo yako kwenye 55mm inafunguka mwisho f/5.6, tundu kama milimita 10 tu, 50 ya f/1.8 inakupa karibu 28, na 85 ya f/1.8 inafika 47.

Lakini kufifia ni kitu kimoja na ulaini ni kingine, na hapa ndo wengi wanakwama. Majani yenye jua linalopenya katikati yanaleta vurugu nyuma hata kwa lenzi ya bei mbaya. Mtoe mtu kwenye miti kabisa, we mko na chai hapo Mufindi, omba ruhusa shambani, msimamishe bibi harusi njiani mteremko wa chai ukiwa mbali nyuma yake halafu wewe msogelee, ile chai yote inageuka kijani kimoja kizuri ajabu, na asubuhi ukungu ukiwepo mwanga wenyewe unakuwa laini. Jaribu hivyo hata na lenzi uliyonayo, zumu mpaka 55, utaona tofauti kabla hujatoa hela.

Ukinunua hiyo 50mm ya Canon tafuta toleo la STM, ina bledi 7 zilizopinda, vile vipande vinavyobana tundu, toleo la zamani la II lina 5 na ukibana tundu kidogo taa za nyuma zinatoka na pembe. Kama ni ya mtumba mulika tochi ya simu ndani, unyevu wa huku kwetu unaleta fangasi kwenye vioo, ukiona nyuzinyuzi iache.

Fokasi weka kwenye jicho lililo karibu na wewe. Kwa maharusi wawili usipige f/1.8, mmoja atatoka na ukungu usoni, nenda f/2.8 au f/4 na wasimame usawa mmoja.