Kucheza michezo ya zamani kwa emuleta: ipi halali?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Niko Kampala. PlayStation yangu ya kwanza imekufa, diski zake ninazo. Naruhusiwa kuzicheza kwenye kompyuta kwa emuleta? Na kuna kijana ananijazia michezo 300 kwenye flashi kwa shilingi 20,000; anasema ni ya zamani, haina mwenyewe.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Emuleta ni programu inayoiga kazi ya mashine. Aliyeiandika mwenyewe bila kuchukua programu ya mwenzake hajaiba, na hata mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 2000 iliwapa haki Connectix, kampuni iliyotengeneza emuleta ya PlayStation, mbele ya Sony katika jambo hilihili. Itumie.

BIOS ni jambo jingine. Ni programu ya kuamshia mashine, KB 512 tu, lakini ina mwenyewe, na udogo hauihalalishi. Kwa kuwa mashine yako imekufa, chukua emuleta yenye BIOS mbadala iliyoandikwa upya, kama PCSX-ReARMed. Baadhi ya michezo itagoma, vumilia.

Diski zako zinakili kwa mafaili mawili, BIN (yaliyomo kwenye diski) na CUE (maandishi yanayoitaja BIN na mpangilio wake), si kwa faili la ISO. ISO hubeba data peke yake, na mchezo ambao muziki wake umerekodiwa kama nyimbo za CD utakuwa bubu. Ukibadili jina la BIN, lifungue faili la CUE ulibadili na humo ndani, la sivyo mchezo hautafunguka. Nakala ni yako, hupewi ruhusa ya kuigawa. Ukiiuza diski, ifute.

Flashi ya kijana usiinunue. Sheria ya haki miliki ya Uganda ya 2006 inalinda programu za kompyuta, na iliweka miaka 50 tangu kutolewa kwa kazi inayomilikiwa na kampuni: mchezo wa 1997 una mwenyewe hadi 2047. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu nalo, Kuwait 1988, lilithibitisha kuwa haki hizi zinalindwa kisharia. Mwenye mali kunyamaza si kuridhia. Wengine husema kampuni hizo si za Waislamu. Hilo nalikataa kabisa, dhulma ni dhulma. Wapo wanazuoni walioruhusu kunakili kwa matumizi binafsi pasipo biashara, ila huyu anauza.

Kama ulishanunua, futa usichokuwa na diski yake, na umwambie kijana kwa upole, faraghani. Mingi ya michezo hiyo imetolewa upya na wenyewe na inauzwa, anza hapo.

Wallahu a'lam.