Swali la Lugha: Data za umma, data wazi au data huria?

SWALI: Ninaandika tasnifu ya shahada ya pili kwa Kiswahili. Nimetumia data ambazo Chuo Kikuu cha Stanford kimeziweka mtandaoni kuhusu watumiaji wa Twitch, tovuti ambako watu huonyesha kwa video michezo wanayoicheza wakati huohuo, pamoja na kumbukumbu za sataranji za tovuti ya Lichess. Mada niliyopendekeza ni "Uchambuzi wa Data za Umma za Mtiririko wa Moja kwa Moja na Michezo ya Kubahatisha ya Mtandaoni". Msimamizi wangu ameirudisha na wino mwekundu: "Hiki si Kiswahili, na wewe si mtafiti wa kamari." Nimekosea wapi? Halafu, ni data hii, data hizi au data haya? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, msimamizi wako amekuwa mkali kupita kiasi katika nusu ya kwanza ya sentensi yake. Katika nusu ya pili ana haki, kwa hiyo tuanzie huko.

Kiingereza kina neno moja, gaming, linalowabeba watu wawili tofauti: kijana anayecheza Dota 2 kwenye kompyuta chumbani kwake, na mtu mzima aliyeweka mshahara wake mezani kasino. Kiswahili kimeshawatenganisha hao. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayosimamia sekta hiyo. Jina la bodi kwa Kiingereza lina neno hilohilo gaming, na nahisi ndiko ulikolichota. Lakini mwambie mtu yeyote mtaani kwamba unachunguza michezo ya kubahatisha ya mtandaoni, atakuuliza unabeti kampuni gani na mkeka wako wa jana ulichanika kwa timu ipi. Kibaya zaidi, nusu ya data zako ni za sataranji, mchezo usio na dadu wala karata ya kuchanganywa; mbele ya macho ya wachezaji wote wawili kila kitu kiko wazi ubaoni. Ukitafuta mchezo ulio mbali kabisa na kubahatisha, ndio huo.

Ondoa "kubahatisha". Kitakachokaa mahali pake tutakifikia baadaye, maana neno "mchezo" nalo lina ukorofi wake.

Sasa "za umma". Hapa ndipo ningependa ukae kidogo, kwa sababu kosa hili silioni kwako tu. Nalikuta kwenye ripoti, kwenye mawasilisho, hata kwenye tovuti za taasisi zenye wahariri wanaolipwa. Kwa mazoea ya Kiswahili cha leo, kitu kikisemwa kuwa cha umma, hisia ya kwanza ni kwamba serikali au taasisi yake ndiyo mwenye nacho au mwangalizi wake: fedha za umma, mtumishi wa umma, mali ya umma. Data za umma basi ni za sensa, za forodha, za mahudhurio ya shule, hata kama zimefungiwa kabatini na hakuna raia anayeruhusiwa kuzigusa. Data zako ni kinyume chake. Twitch ni mali ya Amazon tangu mwaka 2014, wala hakuna serikali iliyowatuma watafiti kukusanya. Unachotaka kusema ni kwamba mtu yeyote anaweza kuzichukua na kuzitumia, na kwa maana hiyo Kiswahili kina neno lililokwisha kuzoeleka: huria. Tunalo katika soko huria, katika programu huria, na tunalo katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

Hapo katikati kuna neno la tatu, "wazi", ambalo wengi hulichukua kama pacha wa "huria". Mimi nawatenganisha, na utafiti wako unaonyesha kwa nini. Soga zinazopita pembeni ya video ya Twitch ziko wazi: unafungua ukurasa, unazisoma, hata akaunti huhitaji. Hilo halikupi ruhusa ya kuzikusanya pamoja na majina ya waliozichapa, ukazitangaza upya kama seti yako ya data. Faili za Lichess ni habari nyingine. Kila mwezi, kuanzia Januari 2013, tovuti hiyo imetoa faili ya michezo yote ya sataranji ya kawaida iliyohesabiwa kwenye viwango vya wachezaji, chini ya leseni ya CC0, ambayo maana yake ni kwamba mwenye mali ameziachilia haki zake zote: pakua, badilisha, gawa, uza ukitaka, bila kumwomba mtu. Hizo ni huria. Kwa hiyo ukiandika "data wazi", msomaji ataelewa kwamba zinaonekana. Ukiandika "data huria", ataelewa kwamba zinatumika bila kizuizi. Mtu wa sheria akiipitia tasnifu yako atakushukuru.

Na huyo huyo mtu wa sheria atakuuliza kuhusu taarifa binafsi. Tumia neno hilo hilo, usibuni jingine, kwa kuwa ndilo lililomo katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. "Data za siri" ni kitu kingine: siri ni jambo linalofichwa, ilhali jina na umri wa mtu vinaweza kujulikana mtaa mzima na bado vikabaki kuwa taarifa zake binafsi. Katika seti ya Stanford kila mtumiaji ametajwa kwa namba tu. Katika faili za Lichess kuna majina ya kuchezea, yale ambayo mtu amejichagulia mwenyewe, na hilo liseme waziwazi katika sura ya mbinu.

Kisarufi, "huria" haichukui kiambishi. Ni kama "safi" au "hodari": data huria, seti huria, chuo huria. Nimewahi kukutana na "data zahuria" katika rasimu moja, na bado najiuliza mwandishi aliisikia wapi.

Tuje kwenye "mtiririko wa moja kwa moja". Hilo si kosa la wazi, lakini lina mashaka. "Moja kwa moja" imefanya kazi kwenye redio zetu kwa miongo mingi, na "matangazo ya moja kwa moja kutoka uwanjani" hayajawahi kumpoteza msikilizaji. Tatizo linaanza unapoandika kuhusu data. Soma sentensi hii, ambayo ni ya kwako, katika kipande ulichoambatisha: "Data zilikusanywa moja kwa moja kutoka Twitch." Inaweza kumaanisha kwamba zilikusanywa video zikiwa bado hewani. Inaweza kumaanisha kwamba hazikupitia kwa mtu wa kati. Inaweza kumaanisha kwamba programu ilizikusanya yenyewe bila mtu kubonyeza kitu. Hayo ni mambo matatu, na kwa mtafiti yana matokeo matatu tofauti. Mtangazaji wa mpira hana shida hiyo, wewe unayo.

Ndiyo maana nakushauri "mubashara" kwa maana ya kwanza, na uiachie "moja kwa moja" maana ya pili. Ya tatu iandike "kwa programu" au "kiotomatiki". Wapo wanaoandika "mbashara", nao si wageni wa lugha. Chagua umbo moja ukae nalo. Neno hili halihitaji kiunganishi: matangazo mubashara, kurushwa mubashara. Nasikia pia "matangazo ya mubashara", na sioni "ya" hiyo inafanya kazi gani. Usije ukavutwa na "papo kwa papo", kwani hiyo inabeba wazo la kutojiandaa, kama yale maswali ya papo kwa papo anayoulizwa Waziri Mkuu bungeni. Mtaani watu husema "laivu" tu: kaingia laivu, yuko laivu. Katika mahojiano yako liache lilivyo, kwa kuwa ndivyo watu walivyosema. Katika maelezo yako mwenyewe, mubashara.

"Mtiririko" nalo, au "utiririshaji", hutaja namna video inavyokufikia: kidogo kidogo unavyotazama, badala ya kupakua faili zima kwanza. Filamu ya miaka ishirini iliyopita inatiririshwa, na wimbo pia. Twitch ilipoanza mwaka 2011 ikitokana na tovuti ya video ya Justin.tv, kilichowavuta watu ni kwamba mtu anacheza sasa hivi na wewe unamwona sasa hivi. Kwa hiyo jina la kitendo liwe urushaji mubashara, na mwenye kukitenda awe mrushaji. "Mtiririshaji" ni neno halali. Hata hivyo masikio yangu yakilisikia yanamfikiria fundi bomba.

Sasa ule ukorofi wa "mchezo". Kwenye Kiswahili mchezo ni kandanda, ni tamthilia ya redioni, ni utani, na ni kile unachokilipia ukafungua kwenye simu. Data zako zinakulazimisha kutofautisha vitu viwili hasa: jina la kazi yenyewe, kama Dota 2 au Minecraft, na tukio moja la kuicheza. Ukiandika "faili la Januari 2013 lina michezo 121,332", msomaji asiyeijua Lichess anaweza kudhani umehesabu aina za michezo. Ukweli ni kwamba mchezo ni mmoja, sataranji, uliochezwa mara 121,332.

Nenda kwenye kibanda chochote cha PlayStation uwasikilize watoto. Gemu ni kile kilichomo kwenye diski. Mechi ni kile unacholipia: "Nipe mechi mbili." Wameshatatua tatizo lako bila kongamano. Tatizo ni kwamba neno hilo halijatulia mahali pamoja: mchambuzi wa soka anasema "leo kuna gemu kali" akimaanisha mechi, na msanii wa Bongo Fleva anasema ana miaka kumi "kwenye gemu" akimaanisha biashara ya muziki. Kwa hiyo usitegemee msomaji akubahatishe. Weka maelezo ya istilahi katika sura ya kwanza: gemu kwa jina la kazi, mechi kwa tukio moja la kuicheza. Ngeli yake ni ya I-ZI, gemu hii, gemu hizi. "Magemu" yabaki kibandani.

Sataranji ina kinyongo chake hapo. Kwa wachezaji wake, mechi ni mfululizo mzima kati ya watu wawili: mabingwa Fischer na Spassky kule Reykjavik, Iceland, mwaka 1972 walikutana ubaoni mara 20 katika mechi moja. Ukiita kila tukio la Lichess mechi, mtu wa sataranji atakushangaa. Katika sura hiyo pekee ningeandika "mchezo" kwa tukio moja na "pambano" kwa mfululizo, kisha ningelisema hilo mapema. Sipendi kuwa na istilahi mbili katika tasnifu moja, lakini kulazimisha moja hapa kutaleta hasara kubwa zaidi.

Neno moja hukuliuliza, nami siwezi kulipita. Seti ya Stanford, iliyokusanywa mwaka 2018, ina watumiaji 168,114 na viunganishi 6,797,557 baina yao; kila kiunganishi kinaonyesha watu wawili ambao huyu anamfuata yule na yule anamfuata huyu. Umeandika "jozi za watumiaji wanaofuatana". Kimantiki umefuata sarufi: fuata, fuatana. Ila "fuatana" ilishatangulia na maana zake. Watu wanaofuatana ni wanaokwenda pamoja, na namba zinazofuatana ni 7, 8, 9. Msomaji wa hesabu ataiona "jozi za watumiaji wanaofuatana" akadhani umewapanga kwa namba ukachukua wawili wawili. "Wanaofuatiliana" ni mbaya zaidi, inanusa upelelezi. Andika kwa urefu: "jozi ambazo kila mmoja anamfuata mwenzake". Ni maneno mengi, lakini hakuna atakayeelewa vingine.

Katika seti hiyohiyo kuna safu inayosema kama chaneli ina maudhui yasiyofaa watoto. Wewe umeiita "ukomavu". Ukomavu ni wa embe na wa akili. Iite "maudhui yasiyofaa watoto", basi.

Ngeli ya "data" ni jambo fupi. Ni I-ZI kama "taarifa" na "habari": data hii, data hizi. Ukizungumzia mkusanyiko wa vipande vingi, kama wewe, wingi ndio unaokaa vizuri: data hizi zimekusanywa, data hizo zinaonyesha. "Data haya" huenda imeletwa na wazo kwamba ni wingi wa kitu fulani, kama maji au mafuta, iache. Ukitaja "seti", upatanisho unakwenda na seti na si data: seti hii ya data ina safu tisa, seti hizi za data zina makosa. Na usichanganye seti ya data na hifadhidata au kanzidata. Hayo mawili ni mfumo wa kutunzia. Ulichopakua wewe ni mafaili.

Kwa hiyo ningemrudishia msimamizi wako hii: "Uchambuzi wa Seti Huria za Data kuhusu Urushaji Mubashara na Gemu za Mtandaoni". Akiuliza kwa nini "kuhusu" na si "za", mwambie "za" tayari imetumika mara mbili ndani ya mada moja, na ya tatu ingemfanya msomaji atafute ni kitu gani kinamiliki kingine.