Usitume pesa ya hiyo lenzi ya 85mm kabla hujasoma hapa

Mleta uzi, usitume hiyo pesa. Hata kama jamaa anakuambia kuna mteja mwingine anakuja saa nane, mwache aje, achukue, aende nayo salama. Umesema una 70,000, unataka kamera ya kwanza ya maana ya kupiga harusi na ibada hapa Nairobi. Umepata Nikon D3400 iliyotumika na lenzi zake mbili, 18-55 na 70-300, halafu kuna muuzaji wa mjini anataka kukuongezea 85mm f/1.8D "kwa bei ya kutupa". Niliposoma hiyo herufi D mwishoni mwa jina la lenzi tumbo lilinguruma. Hiyo D ndiyo iliyonimaliza mimi.

Na ninyi hapo juu mnaomwambia "chukua haraka, hiyo lenzi ni dhahabu", mmeshika bodi gani (kamera yenyewe bila lenzi) mkononi? Mmoja wenu kajisema mwenyewe ana D750. Boss, hata mimi ningekuwa na D750 ningeimba.

Iko hivi. Nikon wametumia mdomo ule ule wa kufungia lenzi, wa F, tangu 1959. Kwa hiyo lenzi ya zamani inaingia kwenye D3400, inazunguka, inasema klik, na wewe unadhani mambo yamekubali. Lenzi zilizoandikwa AF tupu (yaani fokasi ya kujiendesha) au AF-D hazina mota ndani. Zinasubiri kamera izizungushie fokasi kwa kijino cha chuma kinachochomoza kwenye mdomo wa bodi, ncha yake bapa kama ya bisibisi. D90 inacho. D7000, D7100, D7200, D7500, D610 na D750 zinacho. Ukoo mzima wa D3000 hadi D3500, na ule wa D5000 hadi D5600, hauna. Utaweza kuifunga hiyo 85mm, utapiga picha, kipimo cha mwanga kitafanya kazi, lakini fokasi utaitafuta kwa vidole kama fundi wa redio ya mbao.

Mimi nilikuwa na D3300, dada mkubwa wa hiyo D3400 yako. Zamu yangu ya chama ilipofika nikasema sasa naingia kwenye kazi ya harusi rasmi, nahitaji lenzi ya kufanya nyuma ya mtu kuwe laini. Nikapanda ghorofani kwenye stoli moja ya egzibisheni, mitaa ya Luthuli. Kamera niliiacha nyumbani Umoja, maana ni nani anatembea na kamera shingoni Luthuli? Nikaogopa kuibiwa na vijana wa barabarani, nikaenda kuibiwa kwa risiti.

Muuzaji alikuwa na D7000 yake hapo kaunta. Akaifunga ile 85mm f/1.8D, akamwelekezea msichana wa stoli ya pili anayeuza vifuniko vya simu. Zrrt, ikashika. Akanionyesha kwenye skrini: kope za yule msichana ungeweza kuzihesabu moja moja, na taa za duka nyuma yake zimegeuka mipira ya rangi. Nikalainika. Nikauliza, "Na kwa D3300 inaingia?" Akanijibu bila hata kupepesa jicho: "Hii ni Nikon, hiyo ni Nikon, si inaingia?" Hakudanganya hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Iliingia.

Nikalipa 25,000 kwa M-Pesa, nikashuka ngazi nikijiona mpiga picha wa State House.

Nyumbani nikaifunga. Kamera ikaandika FEE kwenye skrini. Nikafikiri nayo imeanza kudai ada. Kumbe lenzi za D zina pete ya kuzungusha namba za f (tundu la mwanga: namba ndogo, tundu kubwa), na kwa bodi hizi lazima uifunge kwenye namba kubwa kabisa, 16 kwa hiyo 85mm, ndipo kamera ikubali. Sawa, nikaifunga kwenye 16, FEE ikaondoka. Nikabonyeza kitufe nusu. Kimya. Nikabadilisha betri. Kimya. Nikaizima, nikaiwasha, nikaifuta mdomo kwa kitambaa cha miwani, nikaiombea. Kimya cha makaburini. Na harusi ilikuwa Jumamosi ile ile, deposti nimeshaipokea na nimeshaila.

Kanisa lilikuwa upande wa Ruiru, dari ya chini, balbu chache za kuokoa umeme, madirisha yamezibwa na mapambo. Bi harusi akaingia kwa ile miondoko ya taratibu, hatua mbili mbele, moja nyuma, bega huku, bega kule. Sasa fanya hesabu na mimi. Kwenye sensa (kile kipande kinachopokea picha) ndogo kama ya D3300, 85mm ikiwa kwenye f/1.8, na mtu yuko mita 3 mbele yako, eneo lenye ukali ni karibu sentimita 9 tu. Ukiwa mita 2 zinabaki 4. Sentimita 4 ni kutoka ncha ya pua hadi machoni, na mtu mwenyewe anacheza! Kidirisha cha kutazamia cha bodi hizi ni kidogo na chenye kiza, huwezi kuona kwa jicho tu kama fokasi imekaa. Kuna kidoti cha kijani kwenye kona ya chini kinachowaka fokasi ikifika. Kile kidoti nilikifukuza kanisa zima. Kinawaka, nabonyeza, bi harusi ameshasogea.

Wakati wa pete nilipata mkono wa mchungaji, mkali ajabu, mpaka saa yake inasomeka: saa tano na dakika ishirini. Pete yenyewe ukungu. Bwana harusi nilimpata sikio. Picha safi kuliko zote ilikuwa ya maua ya madhabahuni, kwa sababu maua yale yalikuwa na adabu, hayakutembea. Nikakimbilia 18-55 kuokoa jahazi, lakini hiyo ukiivuta hadi 55 inafunguka f/5.6 tu, mwanga unaoingia ni karibu moja ya kumi ya ule wa f/1.8. Nikapandisha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka nyuso zikawa na mchanga.

Mama ya bwana harusi alipopelekewa aliniuliza kwa heshima zake zote: "Mwanangu, hizi ndizo picha, ama hizi ni za sampuli?" Salio sikuthubutu kulidai. Na kanisa lile lina harusi karibu kila wikendi, nyingine sikuitwa tena.

Nilirudi kwa muuzaji. Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. (Najua kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, msinitumie, nilikuwa nimechoka na nauli imeisha.) Yeye angalau anatafuta unga wa watoto. Ninayemkasirikia zaidi ni yule jamaa wa YouTube niliyemwamini miezi mizima, anayesema kila video "hii ndiyo siri ambayo wapiga picha hawataki ujue". Siri gani? Video nzima anaipiga kwa bodi yenye mota na hasemi hata mara moja kwamba bila hiyo mota una gogo. Neno moja tu lingetosha. Lenzi yenyewe haina kosa. Nilimuuzia mzee mmoja mwenye D90 kwa hasara ya kutisha, na picha anazopiga nayo Arboretum zinaniudhi kwa uzuri wake.

Sasa nisikilize, na hili ndilo pekee ninalotaka ulishike: lenzi haitoki kwa muuzaji kabla haijafungwa kwenye bodi YAKO, na kadi yako, na betri yako, ikashika fokasi yenyewe gizani mbele ya macho yako. Akikuambia "njoo nikuonyeshe kwa yangu", mwambie asante. Bodi bado hujanunua? Basi nunua bodi kwanza, ibebe kwenye begi la mgongoni la shule, uende nayo kwa muuzaji wa lenzi. Ukiogopa mjini, mwambie mkutane kwenye mkahawa wenye askari mlangoni, ununue chai. Chai ni rahisi kuliko 85mm.

Ukifika, ifunge. Elekeza chini ya kaunta, pale penye nyaya na vumbi, usielekeze mlangoni kwenye jua ambapo hata lenzi mbovu inajitahidi. Bonyeza nusu, usikie na uone pete ikizunguka. Weka namba ya f ndogo kabisa iliyopo, mpige muuzaji uso akiwa anaongea, asikae kama picha ya kitambulisho. Kuza picha mpaka jichoni. Rudia ukisogea karibu, rudia ukirudi nyuma. Akianza kuhema na kuangalia simu yake, endelea tu. Halafu itoe, washa tochi ya simu, ipitishe kwenye vioo kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando zinatambaa ndani, hiyo ni kuvu, irudishe hata akipunguza bei, hasa kama imetoka Pwani.

Na hizo lenzi mbili unazopewa na D3400, ulisema 70-300 lakini hukusema ni ipi. Ziko za aina kadhaa! Kuna AF 70-300mm f/4-5.6G, hiyo haina mota, nayo ndiyo watu wanapenda kuisukuma kwenye vifurushi kwa sababu ni rahisi. Kuna AF-S yenye VR (kizuia mtikisiko), ina mota ndani, hiyo ni sawa. Kuna AF-P, nayo ina mota ya aina mpya, kwa D3400 ni sawa pia, ingawa kwenye D7000 na D90 za zamani haikubali. Kwa hiyo usidanganywe na herufi G peke yake, tafuta AF-S au AF-P mwanzoni mwa jina. Lenzi za kampuni za Tamron na Sigma nazo zina matoleo ya zamani yasiyo na mota, sheria ni ile ile: ifunge, ibonyeze, usikie.

Hata hiyo 85mm ingekuwa na mota, kwa kanisa dogo ni ndefu mno. Kwenye sensa ndogo ya D3400 inakaa kama 127mm, utapiga ukiwa umeegemea mlango wa nyuma na shemasi anakupita mgongoni. Kwa pesa yako ningechukua bodi na 18-55 tu, ile 70-300 aiondoe apunguze bei, kisha niongeze AF-S 35mm f/1.8G ya DX, yaani ya sensa ndogo kama hiyo. Ina mota yake, imekuwepo tangu 2009 kwa hiyo za mtumba ni nyingi, na kwenye sensa hiyo inaona karibu kama jicho linavyoona. Kinachobaki kiende kwa flashi ya Godox yenye TTL ya Nikon (inajipimia mwanga yenyewe). Au kama roho yako imeng'ang'ania lenzi za D za bei rahisi, basi tafuta D7100 iliyotumika ukae nazo kwa amani, lakini uangalie shata imepiga mara ngapi.

Kuhusu flashi, usiielekeze juu ukiwa ndani ya hema la zambarau, wote watatoka zambarau, na wazee wa ruracio (sherehe ya mahari) hawatakuelewa.

Wa Canon mnaocheka, chekeni. Ni kweli lenzi za EF zina mota ndani tangu 1987, hili halikuwapata. Ila siku mtakayonunua EF-S, ya sensa ndogo, mkajaribu kuifunga kwenye 6D yenye sensa kubwa ikagoma kuingia, tutaongea. Na wale wanaosema "ruka hizo zote nenda Nikon Z na adapta" (kamera zao mpya zenye mdomo mwingine), ile FTZ nayo haina mota ya kuzungusha AF-D. Nimeona mtu akilia kwa hilo pia.

Nadhani uliuliza pia kuhusu begi, video za kanisa, na kama laptop yako itabeba Lightroom. Begi, lolote lisilofanana na begi la kamera. Hayo mengine wenzangu watakujibu, mimi hii ndiyo iliyonichoma.

Kesho ukienda kuiona, geuza hiyo 85mm nyuma, piga picha ya mdomo wake na ya maandishi ya mbele kwa simu, uweke hapa kabla ya kutuma hata shilingi. Nitakuwa macho hadi usiku.